SEHEMU YA 5: Mgeni amejifungua kwenye kibanja chako

Wiki iliyopita niliahidi kwamba leo tutaongelea chuchu zilizochanika. Sijasahau, itakuja. Lakini juzi usiku dada mmoja wa kule Kamachumu alinitumia meseji, na nimeona hii isisubiri. Aliandika hivi:

"Sista, mke wa kijana wetu wa shamba ana wiki ya pili tangu ajifungue. Haongei, hataki kula, mtoto analia yeye anaangalia ukuta. Ni Mrundi. Mume wangu anasema nimuache, eti hao wako hivyo. Wako hivyo kweli?"

Hawako hivyo.

Nilimjibu pale pale, na asubuhi yake alimpeleka kituo cha afya yeye mwenyewe kwa bodaboda. Mungu ambariki. Leo naandika kwa ajili yenu wengine, maana najua mko wengi huku Muleba, Bukoba, Misenyi na Karagwe ambao mna mtu kama huyo: kwenye kibanja, jikoni, au chumba cha kupanga cha jirani. Na naandika kwa sababu kuna siku mimi mwenyewe, na diploma yangu ya uuguzi, nilitoa jibu lile lile la huyo mume. Ngoja niwaambie.

Nilikuwa bado mgeni kazini. Kituo sitakitaja, na huyu mama nitamwita Mama Imani, ambalo si jina lake. Mambo mengine nimeyabadili kidogo ili mtu asimtambue.

Aliletwa usiku na bodaboda, njia imeshafunguka sentimita 8. Kitenge kimoja, mfuko wa nailoni, basi. Sasa nyinyi mnajua kwetu mwanamke anavyokwenda kujifungua. Ni msafara. Mama yupo, mkwe yupo, wifi amebeba beseni, chupa ya uji iko kwapani kwa mtu, na kuna shangazi mmoja ambaye kazi yake ni kugombana na mlinzi getini. Huyu hakuwa na mtu. Hata dereva wa boda alikuwa amesimama mlangoni anasubiri hela yake, tukachanga.

Akajifungua salama, mtoto wa kiume, kilo 2.9. Hakutoa sauti hata kidogo. Tukamsifia sana, "huyu mama jasiri kweli". Sisi wakunga tunawapenda wasiopiga kelele, nikiri tu. Siku hizi mama akinyamaza kabisa namuangalia mara mbili.

Asubuhi wodi ikajaa ndugu, Kihaya juu kwa juu, supu ya sato, vicheko. Kitanda chake kilikuwa pembeni, hakuna aliyekisogelea. Nikaja na maelezo yangu ya haraka haraka: mnyonyeshe hivi, kitovu usikipake kitu, ukiona damu nyingi rudi. Akaitikia kila kitu kwa kichwa. Kisha akaweka mkono kifuani akasema neno moja: "Umutima."

Nikapima presha, 110 kwa 70. Nikasikiliza kifua, kizima. Nikampa paracetamol. Alasiri akarudia tena, mkono kifuani, "umutima". Nikamwambia pumzika mama. Jioni mtoto analia na yeye amelala ameelekea ukutani. Nikamgombeza. Nilisema, "Mama, mtoto ana njaa, acha uvivu." Halafu nikachukua faili lake nikaandika maneno matatu: mama hana ushirikiano.

Mimi ni Mhaya. Bibi yangu akiwa na huzuni anasema omutima, omutima. Neno lile nilikuwa nalijua tangu nanyonya. Sikulisikia kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kwamba huyu anaongea lugha ya watu wengine.

Kesho yake akaruhusiwa.

Siku ya 7 akarudishwa na mama mwenye kibanja, mwanamke mkali, hataki mchezo. Aliingia akisema, "Mwambieni huyu anyonyeshe, sitaki mtoto afie kwangu." Tukamuweka mtoto kwenye mzani: kilo 2.5. Kwa wale wazazi wapya niwaeleze. Mtoto kupungua siku za mwanzo ni kawaida, ila isizidi sehemu moja ya kumi ya uzito aliozaliwa nao, na ikifika wiki anatakiwa awe anapanda kuurudia. Huyu alikuwa amepoteza gramu 400. Imezidi. Na maziwa ya mama yalikuwepo, matiti yamejaa mpaka yamekuwa magumu. Kwa hiyo shida haikuwa maziwa.

Aliyetuokoa siku ile hakuwa mimi wala daktari. Ni dada wa usafi, mtu wa Ngara. Ngara wanaongea Kihangaza, na Kihangaza na Kirundi wanasikilizana vizuri. Akaegesha fagio lake, akakaa kitandani. Sio kwenye kiti, kitandani, miguu imegusana na ya mgonjwa. Akasema, "Amahoro."

Mama Imani akalia. Jamani alilia. Sijui ni dakika ngapi, ila chai yangu ilipoa. Na alipomaliza akanigeukia mimi akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu: "Sista, mimi Kiswahili nakijua."

Alikuwa amekulia Tanzania. Mtoto wa kambi ya Mtabila, kule Kasulu, ile iliyofungwa mwishoni mwa 2012 wakarudishwa Burundi. Kurudi nyumbani wasikokujua, yeye msichana mdogo. Baadaye akaolewa, wakaja na mumewe huku kutafuta vibarua vya kulima na kukata migomba. Wiki 3 kabla hajajifungua, mume alikamatwa kwenye msako wa vibali akavushwa mpaka. Kuanzia usiku ule hakulala. Pikipiki yoyote ikipita barabarani alikuwa anatoka mlango wa nyuma na kukaa migombani mpaka kimya kirudi. Na tumbo lile.

Kiswahili alikificha kwa makusudi. Alisema akifungua mdomo tu lafudhi itamtaja. Na mimi kila nilipokuja na kalamu kuandika kwenye faili, alijua naandika jina lake nilipeleke mahali. Ndiyo maana alikuwa anaitikia kila kitu, ili niondoke upesi.

Na kunyonyesha? Hili ndilo mpaka leo likinijia nasimamisha ninachofanya. Alisema: "Nilifikiri, akizoea ziwa langu halafu wakanichukua, atanyonya nini? Bora asinizoee."

Huyo ndiye niliyemwita mvivu.

Sasa tuongee vizuri. Kuna watu nikiandika "wakimbizi" wanafikiria mahema tu ya Nyarugusu na Nduta kule Kigoma. Ndiyo, huko wapo, na tangu vurugu za Burundi za 2015 walijaa sana. Lakini mkimbizi wa Kagera mara nyingi hana hema wala namba. Ni huyo anayekukatia majani ya ng'ombe. Ni dada wa kazi aliyekuja na "binamu". Ni mke wa mvuvi kisiwani Bumbire. Mkoa wetu tumewaona watu wakija na kuondoka kuliko mikoa mingi. Mwishoni mwa Aprili 1994, ndani ya siku moja na usiku wake, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara wakikimbia Rwanda. Mwaka 2013 ikaja Operesheni Kimbunga, wakaondoka hata watu waliozaa na kuzeeka huku, na kuna nyumba ambazo baba alibaki upande huu na mama akaenda upande ule. Watoto wa nyumba hizo leo ndio wanaoanza kuzaa.

Na sisi wenyewe je? Baada ya yale ya Mama Imani nilikwenda nyumbani nikamsimulia bibi yangu. Bibi ni mtu wa ng'ambo ya mto Kagera, kati ya Kyaka na Mutukula. Jeshi la Amin lilipoingia mwishoni mwa Oktoba 1978, alikimbia na mtoto wa miezi 2 mgongoni na sufuria. Nilijua hiyo hadithi ya sufuria, tulikuwa tunaicheka. Siku ile akanipa nyingine. Walipofika upande wa Bukoba, mwanamke asiyemjua alimuona amekaa chini ya mti, akamuita ndani, akamwaga maji ya moto kwenye beseni akamwambia, "Koga kwanza, nipe mtoto." Hakumuuliza wewe ni wa nani. Bibi akaoga. Alipotoka akakuta mtoto amelala na uji uko mezani. Anasema ndipo alipolia kwa mara ya kwanza, na ndipo maziwa yalipoanza kutoka tena.

Zaidi ya miaka 40 imepita. Mpaka leo radi ikipiga usiku, bibi anasimama na kutafuta viatu.

Kitaalamu ni hivi, nitaenda haraka. Siku chache baada ya kujifungua wazazi wengi wanalia ovyo bila sababu. Leo umelia kwa sababu chai haina sukari, kesho kwa sababu mume amekohoa. Huo ni mwili unabadilika, na unapita wenyewe ndani ya wiki 2 hivi. Ukipitiliza hapo, au ukiwa mzito tangu mwanzo, mama halali hata mtoto akilala, chakula hakishuki, hamtazami mtoto au anamwogopa, anajiona hana thamani, hiyo ni sonona. Ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea karibu wazazi 20 katika kila 100 hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, na kubwa ni hii sonona. Hapo ni wazazi wote, wenye mama zao na chupa za uji. Mwongezee mmoja kukimbia, kukosa ndugu, kuogopa kila pikipiki, uone.

Lakini usitegemee atakuambia "nina sonona". Hakuna anayesema hivyo, hata sisi wenyeji hatusemi. Atasema mwili hauna nguvu, kichwa kinapata moto, moyo unakwenda mbio, nina mawazo. Washona wa Zimbabwe wana neno kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na daktari wao mmoja, Dixon Chibanda, alilichukua neno hilo hilo la watu akaanza nalo. Mwaka 2006, mtaa wa Mbare jijini Harare, alifundisha bibi 14 kukaa na watu kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza kwa utaratibu. Bibi tu, sio madaktari. Baadaye wakapima kwenye kliniki 24, matokeo yakachapishwa 2016: baada ya miezi 6, waliokaa na bibi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nikilikumbuka lile fagio limeegeshwa ukutani, naona yule dada wa Ngara alikuwa na benchi lake siku nyingi, sisi ndio hatukulijua.

Kitu kimoja si cha kusubiri benchi wala maombi. Mzazi akianza kusikia sauti, kuona vitu, kusema mtoto si wake au mtoto ni shetani, halali kabisa na anahangaika huku na huku, hicho ambacho wazee wanaita kichaa cha uzazi, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo na asiachwe peke yake na mtoto. Na akichanganyikiwa huku ana homa, au kichwa kinauma sana na macho hayaoni vizuri, au amepata degedege, hiyo inaweza kuwa maambukizi ya kizazi, malaria kali au kifafa cha mimba, maana kifafa cha mimba kinaweza kuja hata baada ya kujifungua. Nimeshaona mzazi amefungiwa ndani siku 2 anaombewa mapepo, kumbe kizazi kimeoza. Ombeni mkiwa njiani.

Kuna wanaoniuliza, nitamwambia nini mtu ambaye hata simjui? Mimi siku hizi naanza na swali moja: "Jana usiku ulilala?" Hili halina kabila wala kibali. Hakuna anayeliogopa. Na jibu lake linaleta mengine yote. Kinyume chake kuna maswali mawili ambayo najua tunayauliza kwa nia njema tu, "kwenu ni wapi?" na "utarudi lini?". Kwa mtu aliyeishi kwa kujificha hayo ni maswali ya askari. Yaacheni. Akitaka kusema kwao atasema. Na kuna lile neno tunalowaita hawa watu huku kwetu, wenyeji mnalijua, sitaliandika hapa. Watoto wenu wamelijifunza kwenu.

Akikuambia maisha hayana maana, au anatamani asiamke, usimkatishe kwa "usiseme hivyo, mshukuru Mungu". Muulize wazi: unafikiria kujidhuru? Watu wanaogopa kwamba kuuliza kutamtia wazo. Hapana, kuuliza kunamfungulia. Tuna maswali 10 tunayoweza kumuuliza mzazi, yalitungwa Uskoti mwaka 1987 na yanatumika duniani kote, na la 10 ni hilo hilo. Mama Imani nilipomuuliza alinyamaza sana, kisha akasema kuna asubuhi anatamani isifike. Hapo ukishasikia hivyo, humuachi. Unakaa naye, mnakwenda kituo cha afya pamoja, unamkabidhi kwa mtu mwenye jina. Sio "nenda kamuone nesi". Hataenda.

Jambo jingine, asitafsiriwe na mumewe, wala na mtoto wa miaka 8. Nimeona mtoto akiambiwa amuulize mama yake kama anataka kufa. Tafuteni mwanamke mtu mzima. Ngara wamejaa tele mjini Bukoba, Kashai hapo na Hamugembe.

Na wale mtakaonirukia kwenye komenti: "Sista unatetea wahamiaji haramu." Mambo ya vibali yana ofisi zake. Mzazi wa siku 9 ambaye hali wala halali ana pake pia pa kwenda, na ni hospitali. Muuguzi si afisa uhamiaji. Anachoniambia mgonjwa kinabaki kati yetu na wanaomtibu. Hata wewe siri zako za wodini nimezitunza, wengine mnajijua.

Sasa hili litawaudhi baadhi yenu, naliandika hivyo hivyo. Mlipeni. Ninyi wenye vibanja, mlipeni kijana wa shamba hela yake siku mliyokubaliana. Najua tunavyofanya. Tunasema subiri kahawa iuzwe, subiri mwezi ujao, na tunaweza kusema hivyo kwa sababu hana pa kwenda kulalamika. Nimekaa na wazazi watatu au wanne wenye hali kama ya Mama Imani, na kila mmoja, ukifukua, chini kabisa kuna deni. Mume anadai miezi 4. Hawana sabuni. Anaogopa kumuuliza tajiri asije akawaitia watu. Mimi naweza kumpa ushauri nasaha mpaka jua lizame, akirudi nyumbani hakuna sabuni. Ushauri wangu haununui sabuni.

Mniwie radhi. Turudi kwa Mama Imani.

Alilazwa siku 4. Daktari alimpima malaria, haikuwepo, ila damu ilikuwa chini, 8, na damu ikipungua nayo inamfanya mtu achoke na akate tamaa, kwa hiyo tukaanza na vidonge vya kuongeza damu. Mtaalamu wa afya ya akili wa wilaya akaja kumuona, akamuanzishia dawa. Zipo dawa za sonona ambazo mama anaweza kumeza huku ananyonyesha, mtaalamu ndiye anachagua, msiazimane. Mtoto tulimlisha maziwa ya mama yake kwa kikombe, yakikamuliwa, mpaka siku ya 3 usiku ambapo nilipita na tochi nikakuta amemuweka ziwani mwenyewe. Sikusema kitu. Nilipita kama sijaona.

Faili nililiomba nikaliandika upya. Maneno yale matatu siwezi kuyafuta, faili halifutwi, lakini chini yake niliandika nusu ukurasa.

Na yule mama mkali mwenye kibanja? Huyo ndiye aliyefanya kazi kubwa kutuzidi wote. Hakusoma saikolojia. Alimtoa kwenye kibanda cha mwisho wa migomba akamhamishia chumba cha nyuma ya jiko, ili usiku asikie watu wanakohoa. Saa 4 asubuhi kila siku mjukuu wake anapeleka uji na anakatazwa kuondoka mpaka kikombe kiwe kitupu. Mchana anambeba mtoto masaa 3 ili mzazi alale. Bado alikuwa anafoka, "lala wewe, unaniangalia nini". Na jirani mmoja alipokuja kuuliza habari za mume wa huyo mgeni, alimwambia hapa tunaongelea mtoto tu. Kliniki ya siku 28 walikuja wote wawili, na ile ya siku 42. Wiki ya 6 mtoto alichanjwa, ana kilo 4.1, na mama yake alinikosoa Kiswahili changu. Nilisema "masaa", akaniambia Mtabila mwalimu angenichapa.

Ninyi mlio Muscat, mlio Dubai, mlio Minnesota, mnaonisoma usiku wakati watoto wa watu mliowalea wamelala, au wako wamelala na baba zao wako zamu, haya yote ni yenu pia. Mnanitumia meseji "sista nachoka tu, sijui kwa nini". Hapo mlipo ninyi ndio mgeni mwenye lafudhi. Mama yako hawezi kuleta uji, ila mpigie akuone kwa video, asikuone umejipamba, akuone ulivyo. Na kwenye kliniki za wazazi kwenye nchi nyingi huko maswali yale 10 huulizwa. Mkiulizwa, msijibu "niko sawa" kwa sababu ya adabu. Jibuni ukweli. Ukiona Kiingereza au Kiarabu kinakuelemea, omba mkalimani, na asiwe mumeo.

Wiki ya 10 Mama Imani alikuja, mtoto akachanjwa tena. Wiki ya 14 hakuja.

Nilimpigia mama mwenye kibanja. Akasema mume alipata simu ya mtu akapiga kutoka upande wa pili, na asubuhi yake mwanamke aliaga, akafagia chumba, akaacha kikombe cha uji kimeoshwa, akaondoka na mtoto kuelekea mpakani. "Alikuwa anakula vizuri," aliniambia mara mbili, kama vile nilikuwa namshitaki. Dawa alikuwa nazo za wiki kadhaa, na alikuwa ameelezwa kwamba hizo hazikatishwi ghafla. Namba aliyoniachia haipatikani mpaka leo, na bado iko kwenye simu yangu kwa jina la mtoto.

Kadi ya kliniki aliondoka nayo, hilo najua kwa sababu tulimshonea mfuko wa kanga wa kuitilia. Kwa hiyo kama wewe ni muuguzi au mhudumu wa afya wa kijiji, upande huu au ule, na amefika kwako mama kijana na mvulana ambaye chanjo ya wiki 14 haijajazwa, chanjo hiyo akichelewa bado anachomwa, haanzi upya. Mchome. Halafu muulize kama jana usiku alilala.

Sehemu ya 6 ni Jumatano, na sasa ni chuchu kweli, naahidi. Yule dada wa Kamachumu amesema nisimtaje, ila amenituma niwaambie mzazi wake leo amekula ndizi mbili.